Land Rover Chini ya Mwembe: Hatari za Gereji Iliyo Nyumbani

Ukipita njia za ndani za Madale, kuelekea Mivumoni au kwenye miteremko inayotazama Wazo, hukosi kuiona Land Rover ya zamani imesimama uani chini ya mwembe, imepandishwa juu ya matofali na boneti iko wazi. Mwenyewe aghalabu ni mtumishi aliyestaafu, au anayekaribia kustaafu, aliyenunua kiwanja wakati eneo hili lingali mashamba, na sasa ana nafasi ambayo wenzake wa Sinza na Manzese hawana. Gari amelipata kwenye mnada wa mali chakavu, au amelirithi kwa baba yake, au amelitoa katika shamba la mkonge ambako liliegeshwa miaka mingi bila injini. Jumamosi fundi huja na sanduku lake la spana, na kazi huanza.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Land Rover yangu ni Series III yenye chesisi fupi, nami naandika kama mwenye gari na pia kama daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Sina nia ya kumzuia mtu. Kazi hii ina faida ambazo haziandikwi kwenye cheti cha dawa: inamtoa mtu kitandani, inampa sababu ya kwenda Gerezani kutafuta beringi, inamfanya azungumze na kijana wake juu ya jambo lisilo ada ya shule. Lakini ua wa nyumba si gereji, na gari lililoundwa miaka 50 au 60 iliyopita limebeba ndani yake vitu ambavyo viwanda vya leo vimeviacha kwa sababu viliua watu.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Land Rover ilioneshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mbunifu wake, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya kijeshi iliyobaki vitani katika shamba lake kisiwani Anglesey, huko Wales, akataka gari la namna hiyo litakalotengenezwa Uingereza. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgawo baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini na chesisi ikabaki ya chuma. Series I ilidumu hadi 1958, Series II na IIA hadi 1971, Series III hadi 1985. Uamuzi ule wa uhaba ndio unaoeleza hali ya magari tunayoyakuta leo pwani: bodi ingalipo, chesisi imeoza kutoka ndani, na pale alumini inapogusana na chuma hewa ya chumvi imeigeuza alumini kuwa unga mweupe. Kwa sababu hiyo kazi yote ya kulirejesha gari hili ni kukwangua, kukata, kuchomelea na kupaka upya, yaani kazi ya vumbi na moshi.

Nchini kwetu gari hili lina heshima yake. Mwalimu Nyerere alizunguka nalo akiijenga TANU. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliliona likileta chanjo vijijini, na muuguzi akishuka na sanduku la barafu. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover kutoka ndani na nje ya nchi katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili yake. Tangu hapo, kwa ninavyoona mtaani kwangu, mabanda yenye magari ya aina hii yameongezeka.

Gereji rasmi iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakaguzi wa OSHA wanaweza kuingia. Uani kwangu hakuna mkaguzi. Kuna kamba ya nguo, kuna jiko la mkaa, kuna kuku, na kuna mtoto wa miaka miwili anayeokota kila kinachong'aa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Kiwandani anayeumia ni fundi. Nyumbani anaumia fundi pamoja na aliyekuwa akisonga ugali umbali wa hatua kumi.

Nianze na breki, kwa sababu ndiko ninakokuona hatari kubwa na ndiko watu wanakoona ndogo. Land Rover zote za Series zina breki za dramu katika magurudumu manne: aghalabu inchi 10 kwa chesisi fupi, na inchi 11 kwa ile ndefu tuliyozoea kuiita 109. Ndani ya dramu mna viatu vya breki vilivyovishwa tabaka la msuguano, na kwa miongo mingi tabaka hilo lilitengenezwa kwa asbesto. Asbesto ilikuwamo pia katika klachi, na katika gasketi za injini na za ekzosi. Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto iliyokuwa ikitumika huko mwaka 1999, lakini gari lililofunga viatu vyake mwaka 1975 halijui habari hiyo. Hata kipuri kipya kisicho na maandishi ya asili yake hakitoi uhakika.

Angalia sasa kinachofanyika. Fundi anavua dramu, anakuta unga wa kijivu umejaa, anachukua mpira wa kompresa na kuupuliza. Wingu linapanda, linakaa hewani, linatua juu ya nguo, juu ya masufuria, juu ya nywele za mtoto. Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Zikivutwa hufika chini kabisa ya mapafu, na mwili hauna uwezo wa kuzimeng'enya. Zinabaki. Baada ya miaka huweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, au saratani ya utando unaoyafunika iitwayo mesothelioma.

Uhusiano wa asbesto na mesothelioma ulithibitishwa Afrika. Mwaka 1960 Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 kutoka eneo la machimbo ya asbesto kaskazini mwa Jimbo la Rasi, Afrika Kusini. La kushtua ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Walikuwa wameishi karibu na machimbo tu, wengine wakiwa watoto. Baadaye, katika nchi nyingi, ugonjwa huo umeonekana kwa wake wa wafanyakazi waliokuwa wakikung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao.

Mafundi wakongwe hujibu kwamba wamelila vumbi hilo tangu wakiwa vijana na bado wapo. Jibu hilo nimelisikia chini ya mwembe wangu mwenyewe, na halina ubishi wa kijinga ndani yake. Ni hesabu tu ambayo haijafika mwisho. Mesothelioma huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Kijana aliyeanza kupuliza dramu akiwa na miaka 18 ataanza kubanwa na kifua akiwa na miaka 50 au 60, na kufikia hapo hakuna atakayekumbuka breki. Tena, kama anavuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu haijumlishwi tu. Moja huikuza nyingine.

Dawa yake ni rahisi kuliko ugonjwa. Dramu ilowanishwe kwa maji yenye sabuni kabla na baada ya kuvuliwa, unga ufutwe kwa kitambaa kibichi, kitambaa hicho na viatu vya zamani vitiwe katika mifuko miwili ya plastiki na kufungwa. Kompresa isiguse breki kabisa, wala ufagio mkavu, wala msasa juu ya viatu vya zamani. Watoto na wapishi waondolewe upande unaoelekea upepo. Nguo za kazi zisikung'utwe. Zilowekwe peke yake na aliyezivaa. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu hapa, na ile ya upasuaji vilevile. Ya N95 ni afadhali kwa vumbi la kawaida, lakini kwa asbesto wataalamu hudai ya daraja la juu zaidi, ndiyo maana maji yanatangulia.

Baada ya breki nitaje risasi, namaanisha madini. Rejeta ya Land Rover za Series ni ya shaba, na maungio yake yamelehemiwa kwa risasi. Inapovuja, fundi huilehemu tena kwa moto, na mvuke na vumbi la oksidi ya risasi hubaki mikononi mwake na chini alipochuchumaa. Ulehemuji wa rejeta ni chanzo cha sumu ya risasi kinachofahamika sana katika tiba ya kazini. Rangi za zamani nazo, hasa za njano na zile nyekundu za kuzuia kutu, mara nyingi zilikuwa na risasi. Ukizisaga kwa msasa mkavu au greinda unazirudisha hewani. Betri iliyokufa na kupasuliwa ni habari ileile. Mafuta ya petroli yenye risasi yaliondoka katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na ya mwisho duniani yaliishia Algeria mwaka 2021, lakini risasi iliyomo ndani ya vyuma vyetu haikuondoka nayo.

Mtoto hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Dalili ni hafifu: mtoto mwenye damu pungufu isiyopanda kwa vidonge vya madini ya chuma, anayelalamika tumbo, anayechelewa kusema, anayeshindwa kutulia darasani. Muuguzi wa kliniki ya watoto hana sababu ya kufikiria risasi mpaka aulize baba anafanya nini nyumbani.

Swali hilo ni la zamani. Daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu maradhi ya mafundi, aliwataka madaktari waongeze swali moja juu ya yale yaliyorithiwa kwa Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Mimi ningewaomba wenzangu wa zahanati na vituo vya afya waongeze mawili mengine: mwisho wa juma unafanya nini, na nguo zako anafua nani? Mhasibu mstaafu ataandikwa kwenye faili kuwa mhasibu, ilhali kila Jumamosi amekuwa chini ya gari.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa kifua kikuu. Wapo wanaosafisha chesisi kwa kuipiga mchanga kwa kompresa, njia ambayo Uingereza iliikataza viwandani mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya vumbi la silika. Silika huleta makovu ya mapafu, na aliye na makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Basi mbele ya mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu na picha ya kifua yenye madoa, lakini makohozi hayaoneshi vimelea mara kwa mara, muulize habari za mchanga kabla ya kumwanzishia dozi nyingine. Na akiwa amepiga mchanga, usiache kutafuta kifua kikuu pia. Yote mawili huweza kukaa katika kifua kimoja.

Petroli inatosha kuandikiwa makala yake. Watu huinyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi, huoshea nayo vyuma na hata mikono, na huihifadhi katika chupa za maji ya kunywa. Aliyepaliwa na petroli, au mtoto aliyeinywa akidhani maji, asitapishwe. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa ndiyo huduma ya kwanza ya mitaa mingi. Petroli haiui kwa kupitia tumboni kama inavyoua ikiingia mapafuni, na kutapika huipa njia ya pili ya kuingia huko. Kituoni, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi, msikilize kifua, mpime oksijeni, na umwangalie kwa saa 6 hata kama anaonekana mzima. Nimonia ya kemikali hujitokeza ndani ya saa hizo. Antibiotiki si za kutolewa kwa kila mmoja tangu mwanzo.

Tangi la mafuta la Land Rover fupi limekaa chini ya kiti cha mbele, na kwa kuwa ni la chuma chepesi hutoboka. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji, na huwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Joto la Madale haliuulizi mara mbili. Wote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: zaidi ya watu 100 walifariki, na majeruhi walioletwa Muhimbili walitufundisha jinsi ngozi iliyoungua inavyochukua muda. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe uani kwa hali yoyote. Kununua jingine ni nafuu.

Sasa masika. Mvua inaponyesha, gari husogezwa ndani ya banda, mlango hufungwa nusu, na injini hujaribiwa. Injini ya kabureta isiyorekebishwa hutoa kaboni monoksidi kwa asilimia kadhaa ya moshi wake, na haina kifaa cha kuisafisha kama magari ya leo. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na katika nchi yetu dalili hizo zina jina moja tayari: malaria. Kipimo kikiwa hasi na watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, uliza kuhusu injini, jenereta na jiko la mkaa.

Hapa nina neno kwa watumishi wenzangu. Kipima oksijeni cha kidoleni hudanganywa na kaboni monoksidi. Kitasoma asilimia 98 kwa mtu ambaye damu yake imebeba sumu, kwa kuwa mwanga wake hautofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile iliyoshikwa na gesi hii. Usimwondolee mgonjwa oksijeni kwa sababu ya namba hiyo. Akiwa katika hewa ya kawaida, kiasi cha gesi mwilini hupungua kwa nusu kwa takriban saa 4 hadi 6. Akipewa oksijeni kamili kwa barakoa yenye mfuko, nusu hiyo huondoka kwa muda wa kama saa moja na nusu au pungufu. Mjamzito apewe kwa muda mrefu zaidi na apelekwe hospitali ya rufaa, kwani mtoto aliye tumboni huishikilia gesi kuliko mama. Gari likishakamilika, kumbuka pia kwamba ukiliendesha na mlango wa nyuma wazi, moshi wa ekzosi hufyonzwa kuingia ndani kwa abiria.

Kuchomelea nako kuna mambo yake. Aliyetazama mwale bila kioo hulala vizuri, kisha huamka usiku wa manane akihisi mchanga machoni, saa 6 hadi 12 baadaye. Asitiwe maziwa ya mama wala maji ya kiazi. Kitambaa cha baridi, dawa ya maumivu na mafuta ya antibiotiki vinatosha, na kwa kawaida atapona ndani ya siku moja au mbili. Matone ya ganzi asipewe aende nayo nyumbani, kwani huzuia jicho kupona. Aliyepigwa na kitu jichoni akigonga chuma kwa nyundo ni suala jingine: huenda kipande kimezama, na apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Rangi ya kupuliza ya mchanganyiko wa makopo mawili ina isosianeti, nayo huleta pumu isiyokuwapo awali. Kazi hiyo mpelekee mwenye chumba cha rangi, ukaokoe fedha mahali pengine.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Anayeingia chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee, kwenye udongo wa kichanga kama wetu, anaweka kifua chake mahali pa stendi. Stendi za chuma ziwe juu ya ubao mpana, na mawe yawekwe kwenye magurudumu yaliyobaki chini.

La mwisho ni dogo kwa sura, na vituoni hupita bila kutambuliwa. Land Rover ya Series ina sehemu nyingi za kutiwa grisi, hasa kwenye propela. Bomba la grisi, hata la mkono, husukuma kwa shinikizo la maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba. Ncha ikiteleza, grisi hupenya kidole kama sindano. Mtu anaona kitundu kisichozidi ncha ya pini, hakuna damu, maumivu ni kidogo. Anafunga plasta, anaendelea na kazi. Saa chache baadaye kidole kimevimba, kimekuwa cheupe, kinadunda, na ndani yake grisi inatambaa kufuata kano hadi kiganjani. Kituoni, asirudishwe nyumbani kwa dawa ya maumivu na chanjo ya pepopunda peke yake, ingawa chanjo hiyo anaihitaji. Mnyanyue mkono, usimchome ganzi kwenye kidole, usimfunge barafu, na umpe rufaa ya upasuaji mara moja, MOI au hospitali ya rufaa iliyo karibu, ukiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi: GRISI ILIYOINGIA KWA SHINIKIZO, na saa iliyotokea.